Kura Iliyonipa Namba

Leo nimepata namba kwa timu kwa sababu kocha wetu hawezi kutamka L.

Wasee, ligi inaanza Jumamosi. Timu yetu ya basketi hapa Thika ina magadi wawili, yaani wachezaji wa kuongoza mchezo: mimi wa Ruiru, na Salim, aliyesajiliwa juzi kutoka Mombasa.

Anayeanza ni mmoja.

Na Salim ni mkali, siwezi kuwadanganya. Tangu aje ananipita kama nimesimama.

Sasa leo, mazoezi ya mwisho. Tumegawanywa pande mbili, tuko sare, anayefunga sasa ndiye anashinda. Salim ana mpira, mimi ndio namkaba. Kocha anampigia kelele kutoka pembeni: "Kura, Salim! Kura!"

Sisi wa huku tunajua hiyo ni "kula". Yaani ingia mwenyewe, ufunge.

Shida ni kwamba asubuhi tulikuwa tumeambiwa leo tutapiga kura ya kapteni.

Salim akasimama. Akashika mpira kwa mikono miwili, akamgeukia kocha na heshima zake zote: "Kocha, kura si tulisema ni baada ya mazoezi?"

Nikamnyang'anya. Nikakimbia peke yangu hadi upande ule mwingine, nikatumbukiza. Mchezo ukaisha hapo.

Kocha alicheka hadi akakaa chini. Halafu akaninyooshea kidole: "Jumamosi unaanza wewe. Gadi razima asikie kocha."

Watu wa Mombasa, mnaruhusiwa kulia hapo chini kwenye maoni.

Baadaye tukaketi kuchagua kapteni. Kocha akasema, "Haya, kura."

Salim akainua mkono. "Ya kupiga au ya kula?"