Chupa Iliyofukiwa Kwenye Mibuni

Kabla ya kutobolewa shingo nilikuwa mnadi wa ng'ombe. Nilinadi huko bondeni Momba, kwenye minada ya wafugaji, tangu serikali iliporuhusu kila mtu ahangaike na biashara yake. Shule niliishia darasa la nne, lakini sauti yangu ilisikika toka zizini mpaka kwa mama ntilie. Wenye bucha wa Zambia walinisalimu, "Mulishani, mukwai!" Nami nikawajibu kwa Kibemba cha kuokoteza, watu wanacheka, dume linapanda bei.

Sauti ilipoanza kukwaruza, hakuna aliyeshtuka. Mnadi kukauka koo ni kama mkulima kuota sugu.

"Mnadi, leo umemeza chura?"

"Nimemmeza na watoto wake."

Tukacheka. Baadaye nikawa nikimeza ugali nasikia kitu kinakwama, na sikio la upande mmoja linauma bila kutoa usaha.

Walionichelewesha ni watatu, majina sitaji. Nawataja kwa kazi zao, wenyewe wanajijua. Wa kwanza ni muuzaji wa duka la dawa pale Tunduma. Alinipa vidonge vya rangi mbili, vikiisha ananipa vingine, karibu mwaka mzima, wala hakuwahi kuniambia fungua mdomo nione. Wa pili ni mzee mkata vimeo. Kikohozi kisichosikia dawa watu wetu hukisingizia kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na mzee yule alikuwa na kisu chake cha kupinda na foleni mlangoni. Alinikandamiza ulimi kwa kijiko.

"We! Kimeo kirefu kama ulimi wa ndama. Umekaa nacho cha nini?"

Akakikata. Nikatema damu kwenye majivu, nikaenda zangu nikijiona nimepona. Kumbe ugonjwa ulikuwa chini zaidi, kwenye shina la ulimi.

Wa tatu ni kaka yangu, tumbo moja.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa ya mjini shingo ilipotoa uvimbe kama yai, hilo silikatai. Daktari, mama mmoja mpole, alipitisha mpira wenye taa puani, akakata kinyama, akakitia kwenye chupa ndogo yenye maji makali. Kisha akatukalisha mimi, mke wangu na kaka.

"Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Ya msibani tu."

Kaka akacheka. Daktari hakucheka.

"Sikilizeni," akasema. "Kansa za koo hazifanani. Nyingine zinaletwa na moshi na pombe, nyingine na kirusi. Hiyo ya kirusi huacha alama ndani ya chembe za nyama, na mara nyingi inasikia mionzi. Tukiiona alama, na ugonjwa ukiwa bado hapo ulipo, tunakupa mionzi na dawa za mshipa, koo tunaliacha. Sauti inabaki. Ila kipimo hicho hapa hatuna. Chupa ipelekwe Dar es Salaam, na iende upesi."

Kaka akaipokea kwa mikono miwili. "Nitaipeleka mwenyewe, daktari. Huyu ni mdogo wangu."

Tukarudi kijijini kwetu, Ruanda. Kaka akaaga, akaondoka na begi. Baada ya wiki akarudi. "Nimefikisha. Majibu watampigia daktari." Nikangoja. Wiki zikawa miezi. Kila nikimuuliza ananiambia, "Dar ni foleni, mdogo wangu, vumilia." Uji ukaanza kunirudia puani.

Mke wangu alichoka, akanirudisha kwa daktari. Daktari akapiga simu Dar. Chupa hawajaiona.

Tukamfuata kaka shambani kwake. Alituona, akaacha jembe.

"Nimeifukia," akasema kabla hatujamuuliza. "Pale, kwenye mibuni."

Asiyeishi huku hatamwelewa. Kulikuwa na habari za watu kuchunwa ngozi, eti ngozi inavushwa mpaka na kuuzwa. Mtu akionekana na mfuko asioutolea maelezo, wananchi walikuwa hawangoji polisi. Kaka alifika stendi ya Vwawa akakuta watu wanafunguana mabegi.

"Ningewaambia nini? Kwamba nyama hii ya mtu ni ya mdogo wangu? Wangenimaliza kwa mawe."

Akageuza, akaifukia, akajificha wiki nzima kwa wakwe zake ili tuone amesafiri.

"Si ungeniambia?"

"Niliona aibu. Nikasema labda utapona tu."

Hofu nimemsamehe. Hata mimi ningeogopa. Ile miezi ndiyo simsamehe.

Kinyama cha pili alikipeleka mke wangu, chupa ameitumbukiza ndani ya chupa ya chai, akaipakata mpaka Dar. Hakuna aliyemwuliza. Majibu yalipokuja, daktari aliisoma karatasi mara mbili.

"Alama ipo," akasema. "Ni ile inayosikia mionzi."

Mke wangu akapiga makofi. Daktari akamshika mkono. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye kisanduku cha sauti, umekila. Ilibidi kitolewe, nipumulie shingoni, ndipo mionzi ifuate.

"Kesho asubuhi," akaniambia. "Leo ongea na watu wako."

Mchana huo mke wangu alikuja na uji, akakaa pembeni ya kitanda. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Mtu umeishi naye miaka ishirini unaanzaje? Ndipo kaka akaingia na mfuko wa maparachichi.

Sauti yote iliyobaki ikapanda. Nikamwita mwongo. Nikamwita mchawi. Nikamwambia bora angepigwa mawe stendi. Wodi nzima wakageuka.

"Sema, mdogo wangu," kaka akasema, amesimama na mfuko wake. "Sema yote."

Nikasema yote. Nilisema mpaka koo likafunga, ikawa inatoka pumzi tupu, na nesi akaja kumtoa kaka nje. Hadi jioni halikufunguka. Mke wangu alikuwa amekaa palepale, kikombe mkononi, ananitazama mdomo, anangoja.