Kinyago Kinachoelea

Katika karakana yetu ya Majengo, mjini Moshi, ndoo ya maji ilikaa karibu na mlango. Baba mdogo alichonga, mimi nilipiga msasa. Mgeni akiuliza kama kinyago ni mpingo kweli, niliivuta ndoo, maana mbele ya watu maneno hunikwama. Nilikitumbukiza kwenye ndoo. Kilizama kama jiwe, naye akanunua.

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa mama mmoja aliyepeleka vinyago Ulaya kwa makasha. Siku moja alikuja, akakataa kukaa.

"Fundi, mpingo uko kwenye miti inayolindwa duniani. Kila kasha linataka kibali, na wanaotoa kibali wanataka kujua gogo lilikatwa wapi."

Baba mdogo aliyatazama magogo yetu. Tuliyanunua kwa huyu na yule, bila karatasi.

"Sasa mama, nitajuaje? Gogo halijaniambia kwao ni wapi."

"Basi nichongee mjakaranda. Ila upake uwe mweusi, wateja wamezoea."

Alipoondoka, baba mdogo hakuilaumu sheria. "Zamani nililetewa magogo," aliniambia. "Siku hizi naletewa fimbo, miti ambayo haijakua. Hata mimi ningezuia."

Mjakaranda ni laini. Patasi iliingia kama kwenye ndizi mbivu, naye akawa anaichomoa na kuitazama. Mimi nilipaka rangi ya viatu, nikasugua kwa kitambaa. Jirani yetu, fundi viatu, alichungulia mlangoni.

"Karibuni kwenye fani! Niwaletee na soli?"

Baba mdogo alicheka kidogo.

Yule mama aliporudi kuchukua mzigo, aliivuta ndoo mwenyewe. "Nahakikisha hamjachanganya na mpingo. Kikikamatwa kimoja, kasha zima limekwenda."

Akatumbukiza kinyago. Kikaelea kifudifudi, na maji yakaanza kuwa meusi.

"Safi," alisema.

Baba mdogo alijifuta mikono, akachukua koti lake. "Endeleeni," alisema, akatoka. Hakurudi tena kazini; kuchonga kukabaki kwangu.

Jumapili moja nilipanda Old Moshi, kijijini kwake, nikiwa na patasi aliyoiacha kwenye mfuko, nimrudishie. Nilimkuta akimkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bado vinaelea?"

"Vinaelea."

Akainama, akaendelea kukata. Hakuuliza habari za patasi, nami sikujua nianzeje kuitoa. Nilishuka nayo.