Firigisi ya Mgeni

Kosa langu la kwanza kazini nililifanya wiki ileile niliyoajiriwa, tena nililifanya nimesimama wima kama askari wa gwaride. Mzee Ntandu, mkuu wa ghala letu la mazao pale Mkiwa, aliniuliza kama mshahara wa kuanzia unanitosha, nami nikajibu, "Unatosha, mzee, na mwingine unabaki." Hakuna aliyenilazimisha. Aibu iliyonipata baadaye mbele ya mgeni wa makao makuu (mpaka leo nikipita njia panda wapo wapakia magunia wanaoniita Firigisi) ilianzia hapo, kwa hiyo naomba mnicheke kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Mimi ni mtu ninayetaka kila kitu kiwe sawasawa. Shati langu jeupe, nalo lilikuwa moja, nililinyoosha kwa kulilalia chini ya godoro, na nikigeuka usingizini niliamka kuliangalia. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani, ndiyo maana mambo mengi nayajua nusu. Katika kipande kimoja nilisoma kwamba kijana wa Ujamaa hanung'uniki, anajitolea. Nusu ya pili ya habari hiyo, ambayo labda ilisema kwamba na yeye ale, ilikuwa imefungiwa sukari ya mtu mwingine.

Ukweli ni kwamba mshahara haukutosha. Nilikuwa karani wa mizani wa majaribio, napima mtama na alizeti ya wanavijiji kutwa nzima, na nikishalipa chumba, nikanunua sabuni, nikampelekea mama kidogo kule Ilongero, mwezi ulikuwa bado uko katikati na mimi nimeshafika mwisho. Nusu iliyobaki niliishi kwa karanga na maji, na maji ndiyo yaliyokuwa mengi. Lakini nimwambie nani, na nimeshasema mwingine unabaki?

Mwenzangu katika dhiki alikuwa Mariamu, mpiga taipu wa majaribio, binti wa mjini Singida, ambaye mdomo wake ulikwenda mbio kuliko vidole. Yeye hakuficha kitu. Alikuwa akimwambia Mzee Ntandu waziwazi, "Mzee, mimi ni mwanafunzi wa kazi, sawa, lakini tumbo langu si mwanafunzi, lilifuzu zamani."

Mzee Ntandu alimjibu jibu lake la siku zote: "Mshahara wa kuanzia ni wa sabuni, mwanangu. Unalipwa ujuzi. Kushiba kunakuja na cheo."

Basi ikaletwa habari kwamba makao makuu wanamtuma Ndugu Salehe apite kila ghala awasikilize vijana, halafu akashauri kama mshahara wa kuanzia uwe wa mtu kuishi au ubaki hivyo hivyo wa sabuni. Mzee Ntandu hakuwaza mara mbili. Akaniita pembeni, akanishika bega.

"Wewe ndiye utakayesema kwa niaba ya wenzako. Sema yale uliyoniambia mimi. Ukisema vizuri, nakuthibitisha kazini mwisho wa mwezi."

Mariamu naye akanivizia nyuma ya magunia. "Kaka, usituuze," akasema. "Mimi nimebakiza unga wa siku mbili. Ukisimama pale useme mshahara hautoshi, basi. Maneno mawili tu."

Nikamwahidi. Mzee Ntandu nilishamwahidi. Mtu anayependa kila kitu kiwe sawasawa, ndugu zangu, ndiye anayeweza kuahidi watu wawili mambo mawili yanayopingana, kwa kuwa hataki kumuudhi hata mmoja.

Siku ya mgeni alichinjwa jogoo. Alichinjwa kwa taratibu zote na mwenye duka la jirani, maana Ndugu Salehe alikuwa Mwislamu wa pwani, na akapikwa na Mama Hadija, jirani yetu aliyekuwa akitupikia wageni kwenye kibanda nyuma ya ghala. Mama Hadija hakuwa mtu wa mchezo na sufuria. Mimi kwa bahati mbaya ndiye niliyeagizwa kulipeleka bakuli ofisini, kwa sababu, alisema Mzee Ntandu, "huyu ndiye kijana wetu msafi."

Mama Hadija akanikabidhi sinia, bakuli likiwa juu yake, akafunua mfuniko kidogo. "Tazama," akasema kwa fahari. "Nimeiweka juu kabisa, inamtazama mgeni."

Ilikuwa firigisi. Sina haja ya kuwaeleza watu wa kwetu, lakini kwa asiyejua: firigisi haina mjadala. Ni ya baba mwenye nyumba, na mgeni akiwepo ni ya mgeni. Mtoto haigusi, mpishi haionji. Mwanamke akipeleka kuku mezani bila firigisi, atasemwa mpaka kwenye harusi za wajukuu zake.

Mimi nilikuwa sijala tangu mchana wa jana. Kutoka kibandani mpaka ofisini ni mwendo mfupi tu, ila katikati kuna kona ya ghala, na pale konani mtu haonekani kutoka upande wowote. Nilisimama ili niweke mfuniko vizuri, kwa maana ulikaa upande (nawaapia, ulikaa upande). Mvuke ukanipanda puani. Nikajiambia nitailamba tu mchuzi iliyokuwa nao, halafu nitairudisha. Kitu kingine ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa natafuna.

Hapo mwizi wa kawaida angepangusa mdomo akaendelea na safari. Mimi nilitazama bakuli nikaona pengo. Pale juu palipokuwa na firigisi palikuwa na shimo, na shimo lile lilinikera kwa sababu lilifanya bakuli zima lionekane limepangwa ovyo. Nikasogeza paja, likafunika shingo. Nikatoa shingo, ini likakatika. Ini lililokatika halifai kwa mgeni, nikalila. Nikainamisha sinia nitazame kwa mbali kama sasa limekaa sawa, mchuzi ukanimwagikia kifuani, kwenye shati jeupe, doa kubwa kama sahani.

Nikaingia ofisini nikiwa nimeinua sinia juu mpaka kidevuni. Ndugu Salehe alikuwa mtu mnene mpole, ameketi na Mzee Ntandu, na Mariamu kasimama kando ameshika birika la kunawia. Nikaweka bakuli mezani, halafu sinia tupu nikalikumbatia kifuani na kubaki nalo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Karibu, kijana. Mbona umekumbatia sinia?"

"Nimezoea, Ndugu," nikajibu. Jibu gani lile, mpaka leo sijui.

Mgeni akanawa, kisha akasema, "Kabla sijala, ningependa kumsikia kijana. Chakula kitamu zaidi mtu akishamaliza kazi. Haya, niambie bila woga: huu mshahara mnaoanzia, mtu anaishi?"

Mariamu alinitazama. Mzee Ntandu alinitazama. Mimi nilikuwa bado na kipande cha ini kwenye jino, na mtu mwenye ini la wizi mdomoni hana moyo wa kupigania haki. Maneno ya magazeti ya sukari yakatoka yenyewe.

"Ndugu, sisi vijana tunajenga taifa. Mshahara unatosha. Tunakula, tunashiba, tunaridhika."

Mariamu aliliweka birika chini kwa kishindo. Mzee Ntandu alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Ndugu Salehe akaitikia kwa kichwa, akasema, "Basi, kama mnashiba, mimi ni nani nisishibe," akafunua bakuli.

Akatazama. Akageuza paja. Akageuza mbawa. Akachungulia chini ya shingo kama mtu aliyepoteza sindano.

"Mzee Ntandu," akasema taratibu, "kuku wa Singida anasifiwa nchi nzima. Sikujua kwamba anasaga mtama bila firigisi."

Mzee Ntandu alibadilika rangi. "Mama Hadija!" akaita kwa sauti ya kuamsha kijiji. Mama Hadija akaja mbio, mikono ina unga. "Firigisi ya mgeni iko wapi?"

"Imo, baba. Nimeiweka mwenyewe juu."

"Haimo! Umetuaibisha! Mgeni atoke pwani aje apewe kuku asiye na heshima? Kuanzia leo usikanyage hapa!"

Mama Hadija alitazama bakuli, akashika kichwa. "Mimi nile firigisi ya mgeni?" akasema. "Mimi, na umri huu? Nina wakwe mimi, jamani!" Chozi likamdondoka kwenye khanga.

Nilijua kwamba nikikaa kimya nathibitishwa kazini, na yeye jina lake limekwisha. Nilikuwa bado natafuta namna nzuri ya kuanza (nilitaka sentensi iliyonyooka) Mariamu aliponikazia macho usoni.

"Kaka," akasema, "hebu pangusa kidevu. Kina mafuta kuliko bakuli."

Nikainua mkono kupangusa, na sinia likaanguka, ngaa! Doa likaonekana na watu wote.

"Ni mimi," nikasema. "Firigisi nimeila mimi. Na ini. Mama Hadija hana kosa. Sijala tangu jana."

"Si umesema mnashiba?" Ndugu Salehe akauliza.

"Tunashiba, Ndugu. Mpaka katikati ya mwezi."

Mariamu alicheka kwanza, akaziba mdomo kwa mkono wa gauni. Wapakia magunia waliokuwa wamejazana dirishani hawakuziba chochote. Mzee Ntandu alikuwa amesimama. "Ndugu, huyu kijana hana adabu! Mimi nilianza kwa mshahara mdogo kuliko wake na sikuiba hata punje!"

"Ulikuwa unakula wapi?"

"Kwa mjomba. Nalala kwake, nakula kwake."

"Na asiye na mjomba Mkiwa?"

Mzee Ntandu akafikiri. "Amtafute," akasema.

Dirishani kicheko kikapanda upya. Ndugu Salehe hakucheka. Alisukuma bakuli mbele kidogo. "Basi, mzee, miaka yote hii tunajisifu tunafundisha vijana kazi, kumbe wajomba ndio wanaolipa mishahara yetu. Nitawaambia hivyo huko nitokako." Akamgeukia Mama Hadija, akamwomba radhi kwa niaba ya meza nzima, akamwambia kuku ni mtamu hata bila heshima. Kisha akanionyesha kiti. "Kaa ule. Lakini shingo ni yako. Mapaja huna haki nayo leo."

Nilikula shingo mbele ya watu wote, nimevaa doa, wapakia magunia wakihesabu matonge kwa sauti. Chakula kigumu kuliko kile sijawahi kumeza.

Sikuthibitishwa mwisho wa mwezi ule. Mzee Ntandu aliniongezea muda wa majaribio, na kwa Mama Hadija nilikwenda mara tatu kuomba msamaha kabla hajanikaribisha ndani. Mariamu alinisamehe upesi, ila kwa masharti kwamba asimulie kisa hiki yeye kwanza popote tutakapokuwa wote. Nimeapa kutosema tena kwamba kitu kinatosha ili nionekane mwema.

Mwaka uliofuata mshahara wa kuanzia uliongezwa. Si mwingi, lakini vijana wa majaribio pale ghalani sasa wanakula mchana mpaka mwisho wa mwezi, nami nimethibitishwa, na bakuli la mgeni analipeleka Mama Hadija kwa mkono wake mwenyewe.