Siku Kingi Alipoivunja Safari ya Kilwa

Bado naikumbuka, mwanangu, Jumapili ile ya Keko ambayo wanaume waliokwisha kufunga mizigo ya safari waliifungua palepale uwanjani, na sie wanawake tukapiga vigelegele mpaka sauti zikatukauka. Nimeishi sana. Nimeona harusi, nimeona sherehe za uhuru, lakini furaha kama ile sijui kama nimeiona tena.

Juzi tulipokuwa tunasikiliza taarifa ya habari, uliniuliza kwa nini yule mkubwa wa nchi ile anazidi kupeleka askari kwenye vita vya mbali, na hali watu wake mwenyewe wanaandamana barabarani kuvikataa. Ukasema, "Bibi, huyu mtu hana akili?" Mie sikusoma, na mambo ya nchi za watu siyajui. Lakini nilimjua mtu mmoja aliyefanya jambo la namna hiyo, nilimjua kwa karibu, na akili zake zilikuwa timamu kabisa. Basi kaa vizuri nikusimulie.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, kabla ya vita vya pili vya dunia. Keko na Temeke hazikuwa kama unavyoziona. Palikuwa na mikorosho, mashamba ya mihogo, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na njia ya mchanga iliyoshuka mpaka bandarini. Wanaume wengi walikuwa makuli wa bandari, wengine maseremala. Sie wanawake tulilima, tulisuka mikeka, tulikaanga samaki wa kuuza. Na kilichotufanya tujione watu, tusiwe kundi la vibarua tu, kilikuwa chama chetu cha ngoma.

Chama kile kilikuwa na tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride la kuiga askari, na vyeo vyake. Palikuwa na Kapteni, na Jenerali, na Waziri, na juu ya wote Kingi, yaani mfalme. Usicheke. Siku za kazi Mzungu alimwita mtu mzima mwenye wajukuu "boi". Jumapili tulikuwa na Kingi wetu wenyewe. Tena chama hichohicho ndicho kilichotuzika. Ukifa, kilitoa sanda, kikachimba kaburi, kikapika chakula cha matanga.

Kingi wetu aliitwa Mbwana Faraji. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, nyapara wa makuli huko Kurasini. Watu walimpenda, na walikuwa na sababu. Aliwahi kumtetea kijana wake mbele ya bosi mpaka nusura yeye mwenyewe afukuzwe kazi. Mume wangu Juma, yaani babu yako, alikuwa mpiga tarumbeta wake. Mie nilikuwa mwimbaji upande wa wanawake, nimeolewa karibuni, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana.

Vita vyetu vilikuwa na watu wa Kilwa. Kilwa ni mbali, na siku zile ulikwenda kwa meli ya pwani. Huko nako palikuwa na chama cha ngoma, na baharia mmoja alituletea habari kwamba wameimba wimbo wa kumtukana Kingi wetu, eti ni kuli aliyevaa koti la kuazima. Wimbo wenyewe hakuna kati yetu aliyeusikia. Lakini tulipandwa na hasira sote, hata mie, na vijana kadhaa wakapelekwa Kilwa kwenda kushindana nao kwa ngoma. Tuliwasindikiza kwa nyimbo mpaka bandarini. Wakashindwa. Wangeshindaje, na uwanja ni wa wenyewe, waamuzi ni wa wenyewe?

Kingi akasema walikuwa wachache. Akapeleka kundi kubwa zaidi. Safari hiyo ngoma iligeuka fimbo. Walirudi wakiwa wamemshika mkono Athumani seremala, kitambaa kimefungwa usoni, jicho lake la kulia limetoka.

Hapo watu walichoka. Kisimani hatukuzungumza jingine. "Kilwa kuna nini chetu?" ndilo lililokuwa neno letu, asubuhi na jioni. Wanaume nao waliulizana hivyohivyo kwenye kahawa, lakini Kingi akipita walisimama na kusema, "Hewala, Kingi." Na Waziri wake, Hamisi, ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote, ingawa hakuwa na roho mbaya. Yeye ndiye aliyezipokea habari kutoka kwa mabaharia, na kabla ya kuzifikisha kwa mkubwa wake alizitia sukari. "Kilwa wamechoka, Kingi. Bado kidogo tu. Tukienda mara hii watasalimu amri." Mabaharia hawakusema hivyo hata kidogo. Mie nilimsikia mmoja kwa masikio yangu akisema watu wa Kilwa wananoa mapanga. Hamisi alilijua hilo, ila aliogopa kuuona uso wa Kingi ukikunjamana.

Ndipo likatoka tangazo la tatu. Wanaume wote wenye nguvu waende, nao wachukue mapanga. Nauli itoke kwenye mfuko wa maziko.

Juma aliniambia tukiwa tunakula, macho yake yako kwenye sahani.

"Jumapili tunaondoka."

"Unataka kwenda?"

"Sitaki. Nani anataka?"

"Sasa mbona husemi?"

"Nikisema nitaonekana mwoga."

"Kwa hiyo mtakwenda kukatwa mapanga nyote," nikamwambia, "kwa sababu kila mmoja anamwonea haya mwenziwe."

Akainama akaendelea kula. Nikaiacha sahani yangu. Nikajitanda khanga yangu nikaenda kwa Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa dada mkubwa wa Kingi. Mama yao alikufa Mbwana akiwa bado ananyonya, na yeye ndiye aliyemlea. Nilimkuta akikoroga unga wa vitumbua. Nikamwambia sie waimbaji tumekwisha kupatana kisimani. Siku ya safari tutasimama uwanjani na midomo imefungwa, hakuna wimbo wa kuwasindikiza, Kingi aaibike mbele ya watu wote.

Akapangusa mikono yake polepole. "Mkimwaibisha mbele za watu, Zena, atakwenda Kilwa hata peke yake. Nyie mnamjua Kingi. Mie namjua Mbwana. Twende kwake kwanza, mie na wewe."

Tulimkuta uani kwake anang'arisha vifungo vya koti lake la Jumapili, lile la Ukingi. Tukaamkiana. Bi Tatu akavuta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akakalia.

"Mbwana, Kilwa unakwenda kufanya nini?"

"Dada, haya ni mambo ya chama."

"Mie ndiye niliyekuogesha na kukulisha. Nijibu."

"Nakwenda kurudisha heshima yetu."

"Kwa nani? Ukishuka Kilwa kesho bila koti hilo, hakuna atakayekujua wewe ni nani. Hao hawakupi wala hawakunyimi kitu. Unamwogopa nani, mdogo wangu?"

Mie nilijibanza kwenye nguzo ya mlango. Nilidhani atatufukuza. Lakini Kingi aliliweka koti mapajani, akalitazama, na alipofungua mdomo sauti yake haikuwa ile ya gwaride.

"Nawaogopa wa hapahapa, dada. Nikisema basi, watasema Mbwana ni kuli, alijifanya mfalme, sasa amerudi kwenye ukuli wake. Na Athumani je? Nitamtazamaje Athumani? Nikiacha leo, jicho lake litakuwa limekwenda bure. Nikishinda, angalau atajua lilikwenda kwa jambo."

Mwanangu, nilikuwa namchukia mtu yule. Nilidhani anapenda vita. Pale nikamwona amebeba mzigo asiojua pa kuutua, na kila akisikia uzito anaongeza mwingine juu yake, akitumaini utakaa sawa. Sikuacha kuona kosa lake. Lakini chuki ilinitoka.

Bi Tatu akamuuliza, "Huyo Athumani umemuuliza?"

Kingi akainamisha kichwa. "Tangu arudi sijathubutu kukanyaga kwake."

"Vaa kanzu. Tunakwenda sasa hivi."

Athumani alikuwa kwenye karakana yake kando ya njia, anapiga randa ubao wa mlango, kichwa amekigeuza upande ili jicho lililobaki lipate kuona vizuri. Alipomwona Kingi alishtuka, akatukaribisha kwenye benchi ambalo halijamalizika. Kingi hakukaa.

"Athumani, nimekuja kukuahidi," alisema. "Jicho lako halitakwenda bure. Tunakwenda Kilwa wote."

Athumani akaiweka randa chini. "Kingi, mie jicho langu limekwenda. Sitaki la mwenzangu lilifuate."

"Nataka kukuheshimu."

"Ungeniheshimu ungekuja kunijulia hali. Nimelala ndani, nimeumwa, nimepona, nimeanza kujifunza upya kushika msumeno. Watu wa Temeke wamekuja. Wa Kurasini wamekuja. Wewe niliyekwenda kwa ajili yako, leo ndiyo nakuona."

Hapo Kingi akakaa. Alilia, mwanangu. Mwanamume yule mrefu aliliinamia benchi, akalia mbele ya dada yake na mbele yangu mie, mke wa mpiga tarumbeta. Akasema nisamehe, nisamehe. Athumani akamshika bega, akamwacha mpaka alipotulia.

"Sasa wale nitawaambiaje?" Kingi akauliza.

"Waambie safari imekufa, uwaombe radhi kama ulivyoniomba mie," Athumani akamjibu. "Nitasimama pembeni yako. Atakayecheka na anicheke mie."

Jumapili uwanja ulijaa. Wanaume wamekuja na mizigo, mapanga yamefungwa kwenye magunia. Wake zao wamesimama nyuma, wengine wanafuta machozi kwa ncha za khanga. Kingi alitokea amevaa koti lake, Athumani kulia, Bi Tatu kushoto. Akasimama katikati ya uwanja.

"Jamaa zangu," alisema, "safari ya Kilwa nimeivunja. Niliambiwa nimetukanwa mie, nikawatoa nyie mkalipe. Waliokwenda walikwenda kwa moyo safi, na walipigana kiume. Kosa ni langu niliyewatuma. Mfuko wa maziko hautaguswa. Na kama kuna asiyenitaka tena niwe Kingi, aseme sasa, nilivue koti hili mbele yake."

Akashika kifungo cha juu, tayari kulivua. Watu wakatazamana. Hamisi Waziri anatazama miguu yake. Mie nawaza, akicheka mmoja tu, huyu mtu anageuza maneno na Juma wangu anapanda meli. Nikaangaza macho kumtafuta mume wangu. Nikamwona anafuta mdomo wake kwa mkono. Kisha akainua tarumbeta, akaipiga ile sauti ya kumkaribisha Kingi uwanjani, ile ya sherehe, akaipiga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Wallahi, uwanja ulipasuka! Vigelegele vilitoka kila upande. Wanaume walitupa mizigo, wakamrukia Kingi, wakambeba juujuu yeye na Athumani pamoja. Watu wazima walikumbatiana kama wametoka jela. Kumbe kila mmoja alikuwa anaisubiri ruhusa ileile! Mie niliimba, nikaimba mpaka mtoto akaruka tumboni, na huyo ndiye mama yako. Tukaandamana kutoka Keko mpaka Temeke kwa ngoma na gwaride. Watu walitoka majumbani wakituuliza, "Mmeshinda?"

"Tumeshinda!"

"Mmewapiga Kilwa?"

"Hatukwenda!"

Walitushangaa, kisha wakacheka, kisha wakaingia kwenye msafara wetu wakacheza nasi mpaka jua linazama.

Na yale aliyoyaogopa Mbwana Faraji? Hayakutokea. Hakuna aliyemwita kuli. Alibaki Kingi mpaka uzeeni. Miaka ilipita, na makuli walipoamua kugoma bandarini wadai haki yao, walimtaka yeye awaongoze, nao walimfuata bila kusitasita. Walijua huyu hatawatoa kafara kwa ajili ya jina lake. Tulilala njaa, ndiyo, lakini hakuna aliyerudi nyuma, na haki ile waliipata.

Kwa hiyo mwanangu, ukimsikia mkubwa anaongeza watu kwenye vita visivyopendwa, usikimbilie kusema hana akili. Huenda adui anayemhofia hayuko huko mbali, yuko nyumbani kwake. Huenda anawahesabu waliokwisha kuumia, na anadhani wengine wakiumia watawafidia wa kwanza. Na huenda waliomzunguka wanamwambia bado kidogo, bado kidogo. Lakini usimsamehe kirahisi pia, maana wanaokwenda ni waume na watoto wa watu.

Nawe kama utapata kuongoza, hata kama ni darasa au ukoo tu, mweke karibu mtu anayeweza kukuita kwa jina lako. Waendee walioumia kwa ajili yako uwasikilize wenyewe, usiwasemee. Ukiona njia ni mbaya, geuka ukiwa bado una watu wa kugeuka nao. Na kama wewe ndiye unayeongozwa, usiishie kunong'ona kisimani. Nenda kwa mkubwa, mwambie, na umwachie mlango wa kutokea na heshima yake. Bi Tatu alimfungulia mdogo wake mlango huo, na watu wote wa Keko wakapita humo wakiwa hai.

Mungu akupe moyo wa kusema basi panapostahili basi, na watu wa kukushangilia ukilisema. Akuepushe na wanaokutamkia tamu tu. Akupe umri mrefu, uzae, ulee, na wale watakaokufuata wakufuate kwa furaha na warudi makwao salama. Amin, mwanangu. Amin.