Kuku wa Lea

Eveline alikuwa na karai lake la Kichina, jeusi, lenye kina na mpini mmoja, alilolinunua sokoni Mashine Tatu, na tangu alinunue hapakuwa na mtu mtaani kwao Kihesa ambaye hajasikia habari zake. Video za kwenye simu zilimfundisha kwamba kuku hapikwi kutwa nzima: moto mkali, nyama vipande vyembamba, karoti, hoho, tangawizi, soya sosi kidogo, unageuza, unageuza, unaepua. Hayo ndiyo aliyowahubiria wenzake pale saluni anaposuka, nao walimcheka wakachoka.

Mama mkwe wake, Verediana, alikuja kutoka Kilolo kwa ajili ya kliniki ya macho, na kwapani akaja na tetea mwekundu mwenye kishungi. Mama huyu si mkali, ila ana jambo moja lililomkera Eveline miaka yote ya ndoa: akila chakula cha mkwewe husema asante, basi. Hasemi kizuri, hasemi kibaya. Jofrey, mumewe Eveline, anayefanya kazi kwenye mashine ya mpunga kule Rujewa, alishamwambia ndivyo mama alivyo hata kwao. Haikusaidia. Eveline alitaka sifa, hata ya neno moja.

Asubuhi, kabla ya kwenda kliniki, mama alisimama mlangoni mwa jiko akazungumza. Alizungumza habari za yule tetea. Eveline alikuwa na simu mkononi, mwanamke wa kwenye video anaonyesha namna ya kukata kidari, naye akawa anaitikia tu: sawa mama, ndiyo mama, usijali mama. Ungemuuliza ameambiwa nini, angekutolea macho. Mama akamshika mkono mjukuu wake Lea ampitishe chekechea, akaenda zake.

Sasa mgeni kaja na kuku, mtu utafikiri nini? Eveline alifikiri kitoweo. Aliomba ruhusa saluni, akambeba tetea mpaka nyumba ya pili kwa mzee Halfani, muuza vitambaa, maana mtaa mzima humpelekea yeye achinje ili jirani yeyote akikaribishwa aweze kula. Mzee akampapasa yule tetea tumboni.

"Huyu mbona anataga?"

"Chinja tu mzee wangu, nina mgeni."

Akachinja.

Eveline alipompasua jikoni kwake ndipo alipoona. Ndani mlikuwa na mayai machanga, ya njano, makubwa kwa madogo yamefuatana, na moja limeshaanza kuota ganda. Hapo maneno ya asubuhi yakamrudia yote, wakati hayana kazi tena. Mama alikuwa amesema huyu ni wa Lea. Kwao Kilolo kila mjukuu hupewa tetea na bibi yake. Akitotoa, vifaranga ni vya mtoto, wakiongezeka wanabadilishwa kwa mbuzi, na hapo mtoto anakuwa na chake duniani. Sare ya kwanza ya shule ya Jofrey ilitokana na tetea wa namna hiyo. "Nimemlea mwenyewe mpaka ameanza kutaga ndipo nimemleta," mama alisema. "Leo usimfungue, azoee kwanza." Naye akajibu, usijali mama.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Angeweza kumpigia Jofrey. Angeweza kumngoja mama arudi, amwambie. Badala yake alifukia manyoya na yale mayai nyuma ya choo, akawasha gesi, akajitia hamnazo, akapika. Na alipika, jamani! Harufu ya tangawizi ilifika barabarani. Ila tetea wa Kilolo hajui mambo ya video. Nyama ilikaza karaini, akaongeza moto, ikazidi kukaza.

Jioni mama akarudi, jicho moja limefunikwa kwa pamba na plasta. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Mama Lea, kinanukia. Leo umepika."

Miaka yote Eveline aliisubiri sifa hiyo, na sasa ilimchoma. "Kuku wa dukani huyo, mama," akasema bila kuulizwa. "Yule wa Lea amekata kamba, amekimbia."

Mama hakukaa. Aliweka mkoba, akachota mahindi kiganjani, akatoka na jicho lake moja kwenye baridi ya jioni. Eveline akamfuata mbio, Lea kashikilia kanga yake.

"Mama, umetoka kutibiwa. Njoo ule, tutamtafuta kesho."

"Kesho kicheche kashamla."

Akaenda nyumba hadi nyumba akiita kru kru kru, anajikwaa kwenye mawe, mkono mmoja unapapasa ukuta. Eveline moyo ulimuuma kweli, lakini kinywa kiligoma. Alijiambia nyumba inayofuata nitasema. Wakafika, wakaipita, hakusema. Akajiambia tena.

Mzee Halfani alikuwa barazani kwake anajiandaa kutawadha, birika mkononi.

"Kamwene, baba," mama akamsalimia. "Hujamwona tetea mwekundu, ana kishungi? Ni wa mjukuu wangu huyu."

Mzee akaweka birika chini. Hakumtazama mama, alimtazama Eveline. Eveline akaelewa kwamba akiendelea kunyamaza, mzee wa watu itabidi ama aseme uongo kwa ajili yake kisha aende kusali, ama amuumbue.

"Mama," akasema, "hajakimbia. Nimemchinjisha. Ndiye yule aliye mezani."

Mama akabaki na mahindi yake kiganjani. Halafu akamwomba mzee radhi kwa kumsumbua wakati wa sala, akageuka. Eveline akataka kumshika mkono, mama akautoa.

Nyumbani mama alimpakata Lea, akavuta sahani, akamwambia ale, ni kuku wake. Mtoto akatafuna, akatafuna, akatema. "Mgumu, bibi." Bibi akakiokota kile kipande akakila yeye mpaka kikaisha. Eveline akapiga magoti, akaomba msamaha, akasema asubuhi hakusikia.

"Najua hukusikia, nilikuona," mama akasema. "Mtu yeyote anaweza asisikie. Ila jioni hii umeniacha nimtafute."

Eveline analia. Mama akampangusa Lea mdomo.

"Nitaleta mwingine. Lakini safari hii nitamkabidhi Lea mwenyewe. Yeye nikizungumza hunitazama."