Kipriani Hamwamini Mtani Wake

Dawa ya kwanza ya mlio wa gari, kwa mujibu wa Kipriani wa Nambambo, ni redio. Pikapu yake ilipoanza kukwaruza kila akikanyaga mafuta, aliongeza sauti ya kwaya mpaka abiria wa nyuma wakazijua nyimbo zote. Mlio nao haukukubali kushindwa, ukachukua besi.

Huyu bwana ameshika usukani tangu ujana wake na hajawahi kukiri kwamba gari lake ni bovu. Likizimika njiani, limepumzika. Likikataa kuwaka, kuna abiria kalikosea adabu. Amebeba korosho, mbuzi, wagonjwa na masista, na wote amewatania mpaka wakafika. Safari hii lakini roho yake haikutulia. Binti yake wa pekee, Winfrida, alikuwa anaolewa Ruangwa Jumamosi, na wakwe walituma ujumbe wa heshima sana: wataleta gari zuri la kumchukua, mzee asihangaike. Hilo “asihangaike” lilimchoma. Akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba mwanawe ataondoka na pikapu ileile iliyomsomesha, tena baba mtu akiendesha. Na sasa pikapu yenyewe ilikuwa inasaga kama mashine ya unga.

Akaanza uchunguzi. Alimweka mkewe, Albina, nyuma, atege sikio.

“Inatoka mbele,” alisema Albina.

Akamhamishia mbele.

“Inatoka kwenye mguu wako. Punguza kukanyaga.”

Kipriani akafungua magurudumu, akakaza ekzosi, akapaka grisi kila chuma kilichoonekana kuwa na kiu. Gari likisimama, kimya. Likipanda kilima, krrr! Hapo ikabidi aende Nachingwea mjini kwa fundi Abdalah, mtu aliyekuwa akimkwepa kwa makusudi. Abdalah ni Myao, Kipriani ni Mmwera, na hao ni watani. Kwenye msiba wa mama yake Kipriani, Abdalah alijilaza kwenye kitanda cha marehemu na kugoma kuamka mpaka apewe jogoo. Akapewa, na waombolezaji wakacheka huku wanalia, ndivyo ilivyo desturi.

Abdalah akafungua boneti. Akamwambia mwenye gari avute breki ya mkono, atie gia, aachie klachi kidogo tu. Injini ikajiinua upande mmoja, feni ikagusa kava lake: krrr!

“Umeona? Mipira inayobeba injini imekatika. Ukikanyaga mafuta injini inainama, feni inakwangua. Siku yoyote itakula rejeta. Niachie gari, niagize mipira. Bibi harusi apande gari la wakwe.”

Kipriani akacheka mpaka akashika tumbo. Mtu wa kwingine angemsikiliza fundi wake. Yeye alisikia mtani, na siku ya shughuli kazi ya mtani ni kukuzuia: atakalia kiti cha bwana harusi, ataficha sufuria ya pilau. Huyu kaamua kuficha gari.

“Wee Abdalah! Myao na ukweli tangu lini wamekalia mkeka mmoja?”

“Haki ya Mungu, Kipriani, leo sitanii!”

“Hata hilo umelisema vizuri!” Akafunga boneti, akaondoka zake.

Jumamosi Winfrida alikaa mbele na shela lake, Albina na mashangazi wakajaa nyuma na vigelegele vyao. Kwenye mlima wa kwanza wa maana, krrr ikageuka kishindo. Kipriani akasimamisha gari pembeni, jasho likimtiririka ndani ya suti.

“Baba,” aliuliza Winfrida kwa upole wa kichokozi, “limepumzika?”

Mara pikipiki ikafunga breki nyuma yao. Alikuwa Abdalah, kanzu imejaa vumbi, mfuko wa spana begani.

“Nilijua hutanisikia,” alisema. “Nakufuata tangu Nambambo.”

Kipriani aliona aibu, kweli aliona aibu, lakini akamshikia kanzu isiingie grisi. Fundi alikata kipande cha tairi kuukuu, akakishindilia chini ya injini na kuifunga kwa mipira ya kufungia mizigo.

“Sasa taratibu. Ukikanyaga tu, unamwozesha mwanao porini.”

Wakaenda taratibu. Kwenye miinuko mashangazi walishuka kupunguza uzito, wakacheza mbele ya gari, na gari halikuwapita. Walipoingia Ruangwa watu walikuwa wamejipanga barabarani hadi kanisani. Mkwe, mzee Agapiti, akashangaa.

“Mbona gari linatambaa hivyo?”

Abdalah alikuwa kando yao na pikipiki yake. Akajibu kwa sauti iliyofika mpaka madhabahuni:

“Gari ni zima, mzee! Ni baba mtu, hataki kumtoa mwanawe!”

Watu wakaangua kicheko. Mlango wa kanisa ulikuwa hapo hapo, umefunguliwa wazi, na bwana harusi amesimama akingoja. Gari likasimama kabla ya kuufikia.

Winfrida akamwekea mkono begani. “Baba, tumefika.”

“Najua,” alisema Kipriani huku machozi yakimtoka, na mguu hakuutoa kwenye breki.