Salamu za Babu Kona

Nina ulimi mrefu, hilo silikatai, lakini hili sikulitunga. Lilinitokea mimi, mchana, hapa London, maikrofoni nimeishika mkononi. Na waliokuwa wamefungua redio siku ile walisikia kwa masikio yao.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Siku za kazi nilikuwa karani wa hospitali. Jumamosi nilikuwa kwenye redio yetu ndogo ya Waswahili, nikisoma tanzia na salamu. Lakini roho yangu ilikuwa kwenye mpira. Tangu nikiwa mtoto Unguja nilikuwa nikitangaza mechi za kaka zangu, mwiko ndio maikrofoni yangu. Basi mtangazaji wetu wa mpira alipohama mji, mkuu wetu Bwana Mbarouk akaniambia, "Haya, nakupa mechi moja. Ukiharibu unarudi kwenye tanzia, na habari ya mpira usinitajie tena."

Mechi yenyewe Wazanzibari na Wakongo, uwanja mmoja kule Lewisham, mwezi wa Desemba. Kipindi cha kwanza nilitamba. "Wazanzibari wanashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako!" Nani kama mimi? Wakati wa mapumziko ukashuka ukungu. Goli la mbali silioni, na wachezaji wa katikati naona miguu tu. Sasa utatangaza nini?

"Namba saba anao," sauti ikasema pembeni yangu. "Sema, mwanangu, watu wanangoja."

Nikageuka. Mzee wa watu, koti la buluu, kofia ya viua, kasimama mbele ya kiti chake na miguu haitulii. Nikasema namba saba anao. Akasema kampita mmoja, nami nikasema kampita mmoja. Tukaenda hivyo hivyo, yeye ananong'ona, mimi napaaza. Niamini, yule mzee aliuona uwanja mzima kama hakuna ukungu. Wakongo wakafunga, tukasawazisha, na dakika za mwisho namba saba akatia la pili kwa kichwa. Mzee aliruka mpaka kofia ikamdondoka, anacheka. Nami nacheka hewani, sijali.

Ningemlipa nini? Nikamwuliza, "Nikupelekee salamu, babu?"

"Msalimie Mama Nasra, yuko Hayes. Mwambie Babu Kona yuko uwanjani, hana shida."

Nikazituma pale pale. Kwenye salamu hatuulizi jina la kwenye cheti, kila mtu ana lake la redioni. Tanzia ndiyo inayotaka jina kamili. Kipenga cha mwisho kilipolia nikageuka nimshukuru, hayupo. Kiti chake kimelowa umande, na mbele yake nyasi zimesimama, hazikukanyagwa. Nikasema moyoni, mzee kakimbilia basi.

Kurudi studio, Bwana Mbarouk yuko mlangoni na karatasi. "Unamjua Babu Kona? Ndiye huyu, Hamad Faki. Kazikwa juzi. Tanzia yake umeisoma wewe mwenyewe leo asubuhi." Nikaitazama ile karatasi, jina ni lile lile nililolisoma. "Mjane wake yuko kwenye simu. Muombe radhi, kisha uniachie funguo."

Nikaishika simu.

"Wewe ndiye uliyenipa salamu za mume wangu?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe sana."

"Sitaki radhi. Alivaa nini?"

"Koti la buluu, mama. Na kofia ya viua."

"Alikaa kwenye kigari chake?"

"Kigari gani? Alikuwa amesimama. Bao lilipoingia aliruka mpaka kofia ikamdondoka."

Nikamsikia analia. Kisha, wallahi, akacheka, akawaita na wenziwe waliokuja kumliwaza, akanitaka niseme tena. Miaka sita yule mzee hakuwa amesimama kwa miguu yake. Nikasema tena, na mara ya tatu nikaitangaza kabisa kama mechi. Nyumba yenye msiba ikajaa vicheko.

"Nimo kwenye eda, mwanangu, siwezi kuja kukuona," akasema. "Hebu nipe huyo mkuu wako."

Alichomwambia sikijui. Bwana Mbarouk alisikiliza, akasema "Ndiyo, mama" mara nne, akaweka simu. Kisha akaniuliza Jumamosi ijayo tunacheza na nani.

Nilitangaza mpira miaka tisa baada ya hapo. Sijamwona tena, na kila ukungu ukishuka namtafuta, nami nina furaha zaidi kuliko hofu. Lakini nakuonya wewe unayenisoma: ukikaa uwanjani pembeni ya mzee mwenye furaha kupita kiasi, usimwulize anatoka wapi. Mwulize ana salamu za nani, na uzifikishe kabla hujalala.